Shahidi kamchagua mtu wako kwenye picha? Namna ya kuupima na kuupinga ushahidi huo kortini

Kesi nyingi za unyang'anyi, ubakaji na hata mauaji zinaanzia mahali ambapo hakimu hajawahi kufika, yaani mezani kwa mpelelezi, shahidi kakaa, picha zimepangwa mbele yake, anagusa moja anasema "ni huyu". Miezi kadhaa baadaye shahidi huyohuyo yuko mahakamani anamnyooshea mshtakiwa kidole na ukumbi mzima unaona kama kesi imeisha. Mi naona kile kidole cha mahakamani ni kama mwangwi tu, ushahidi wenyewe ni ile dakika ya kwanza kwenye picha, na kama hiyo dakika iliharibiwa hakuna kinachokuja baadaye kinachoweza kuitengeneza. Kwa hiyo mwongozo mzima huu unahusu kuirudia ile dakika na kuichunguza kipande kwa kipande.

Nimeuandika kwa mtu aliyefungua jalada akakuta ushahidi wa namna hii: wakili mchanga, mtu anayejitetea mwenyewe, ndugu anayemhangaikia mtu wake. Sheria zinatofautiana nchi na nchi so cheki ya kwako, ila maswali yenyewe yanafanana sana hasa kwenye nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza.

Hatua ya 1: Tenganisha kupokelewa na uzito

Hapa watu wanachanganya kila siku. Ushahidi kupokelewa maana yake mahakama imekubali uingie usikilizwe, basi. Uzito ni habari nyingine, kwamba ukishaingia unaaminika kiasi gani. Sasa utambuzi wa kwenye picha sio kitu haramu. Marekani, kesi ya Simmons ya 1968, Mahakama ya Juu ilikataa kabisa kupiga marufuku picha, ikasema kila kesi itazamwe kwa mazingira yake na hukumu itatenguliwa pale tu ambapo utaratibu ulimsukuma shahidi kiasi cha kuleta uwezekano mkubwa sana wa kukosea mtu, kosa ambalo haliwezi kurekebishika. Australia nao kwenye kesi ya Alexander ya 1981 walisema unapokelewa lakini jaji ana mamlaka ya kuukataa akiona haki itapotea. So ukienda kusimama na hoja ya "utambuzi wa picha hauruhusiwi" utakaa chini fasta.

Andaa hoja mbili. Ya kwanza, utaratibu ulikuwa mbovu kiasi kwamba usiingie kabisa. Ya pili, hata ukiingia usibebe kesi peke yake. Andaa zote kwa nguvu ileile maana ya kwanza inagonga mwamba mara nyingi, na mfano ambao kila mtu aujue ni kesi ya Manson dhidi ya Brathwaite ya 1977. Askari aliyejifanya mnunuzi wa dawa za kulevya alimwona muuzaji mlangoni kwa dakika mbili tatu hivi, akampa mwenzake wajihi wa muuzaji, yaani maelezo ya anavyoonekana, mwenzake akahisi anamjua, akamwachia picha MOJA ofisini, siku mbili baadaye yule askari mnunuzi akaitazama akasema ndiye. Picha moja! Mahakama ikakubali kwamba njia hiyo inashawishi na haikuwa na ulazima wowote, lakini bado ikapokea, kwa sababu ilisema kinachotawala ni kuaminika kwa utambuzi wenyewe, na yule alikuwa askari aliyefunzwa, alimwona karibu, na alitoa wajihi kamili kabla ya kuona picha. Ukisema tu "utaratibu ulikosewa" ukanyamaza hujafika popote, lazima uunganishe ule ubovu na uwezekano wa shahidi kukosea.

Hatua ya 2: Uliza mshukiwa alikuwa wapi siku picha zinaonyeshwa

Swali dogo ila linabeba mengi. Kama polisi hawana hata fununu ya nani kafanya, kuonyesha picha ili wapate pa kuanzia ni kazi halali ya upelelezi. Lakini kama mtu tayari yuko mahabusu kwao, kwa nini umwonyeshe shahidi picha badala ya gwaride la utambulisho, yaani mshukiwa anapangwa mstari mmoja na watu wengine shahidi achague? Tofauti hii mahakama za Uingereza ziliichora zamani, kwenye kesi ya Dwyer na Ferguson ya 1925, na leo kanuni za polisi za huko zinasema picha zisionyeshwe kama mshukiwa anajulikana na anapatikana kwa ajili ya gwaride au utambuzi wa video.

Ishu sio fomu tu. Gwaride lina ulinzi wake. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki kwenye kesi ya Mwango mwana wa Manaa, 1936, iliweka masharti yanayotajwa mpaka leo: mshukiwa aambiwe anaweza kuwa na wakili au rafiki yake pale, achanganywe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na mwonekano, askari anayepeleleza kesi asiliendeshe, shahidi asimwone kabla. Kwenye picha vingi vya hivyo havipo. Marekani mwaka 1973, kesi ya Ash, iliamuliwa kabisa kwamba mshtakiwa hana haki ya wakili kuwepo picha zikionyeshwa. Yaani upande wako haukuwepo, hautakuwepo, na kitu pekee kinachobaki ni kumbukumbu za maandishi na rekodi. Ndo maana hatua inayofuata ndo nzito kuliko zote.

Hatua ya 3: Omba kila kitu, kwa maandishi, mapema

Usikubali karatasi moja inayosema "shahidi alionyeshwa picha akamtambua mshtakiwa". Hiyo ni hitimisho, sio ushahidi. Omba hivi:

- Picha zote walizomwonyesha, sio ile aliyochagua peke yake, na kwa mpangilio uleule. Kama zilikuwa za rangi omba za rangi, nakala nyeusi inaficha mambo kibao.
- Maelezo ya kwanza kabisa ya shahidi, yale aliyotoa kabla hajaona picha yoyote. Simu ya dharura ikirekodiwa, omba na hiyo. Kitabu cha matukio cha kituo pia.
- Jina na cheo cha aliyeonyesha picha, na alikuwa anafanya nini kwenye kesi hiyo.
- Maneno aliyoambiwa shahidi kabla, na maneno aliyosema yeye wakati anachagua, yaleyale, sio tafsiri ya askari.
- Rekodi ya video au sauti kama ipo, na kama haipo, sababu.
- Mashahidi wengine walioonyeshwa picha hizohizo wakashindwa, au wakachagua mtu mwingine. Hii mara nyingi haimo kwenye faili mpaka uililie, na inaweza kuwa ndo kitu kinachomwokoa mtu.
- Mara ngapi shahidi huyu ameonyeshwa picha, maana kama mara ya kwanza hakumwona mtu halafu mara ya pili ndo "akamtambua", wewe una kesi tofauti kabisa mkononi.

Picha zikipotea usione ni bahati mbaya ukaacha, ni hoja. Mahakama itapimaje haki ya utaratibu ambao hauonekani? Taka iandikwe kwenye mwenendo wa kesi kwamba ziliombwa lini na jibu lilikuwa nini.

Hatua ya 4: Zipime picha zenyewe

Ukizipata weka mezani uangalie kama mtu asiyejua kitu. Nani anajitokeza? Shahidi alisema mwizi ana ndevu na kovu shavuni, halafu kwenye picha sita mwenye ndevu ni mmoja, hapo hawakupima kumbukumbu, walimpa jibu. Angalia mandhari ya nyuma, ukubwa wa uso, mwanga, picha moja ya pasipoti na nyingine zote za mahabusu, au kinyume chake, nguo zinazofanana na zile zilizotajwa kwenye tukio, weusi au weupe wa ngozi, umri. Angalia pia kama mtu wako katokea zaidi ya mara moja kwenye seti.

Idadi nayo. Kanuni za Uingereza zinataka picha zisizopungua 12 kwa mpigo na zote za aina moja kadiri inavyowezekana, wakati mwongozo wa Wizara ya Sheria ya Marekani wa 1999 ulisema angalau watano wa kujazia, yaani watu wasioshukiwa, pamoja na mshukiwa mmoja. Ila usilewe na namba, picha 12 ambazo 11 haziendani na wajihi ni sawa na picha moja tu.

Kuna jaribio moja rahisi ambalo wataalamu wa saikolojia wamelitumia toka miaka ya 1970 na mi nalipenda sana. Chukua watu ambao hawakuwepo kwenye tukio na hawajui lolote, wasomee wajihi aliotoa shahidi, waonyeshe seti, waambie wachague wanayedhani ndiye. Kama seti ni ya haki ya picha sita, mtu wako atachaguliwa takriban mara moja katika sita. Kama nusu ya watu ambao hawakuona chochote wanamchagua yeye, basi seti inajibu swali yenyewe bila kumbukumbu ya mtu yeyote kuhusika. Ukitaka kulitumia rasmi tafuta mtaalamu alifanye na aje atoe ushahidi, usilifanye na ndugu zako ukategemea litapokelewa, lakini hata la nyumbani litakuonyesha kama pingamizi lako lina nguvu au unajidanganya.

Hatua ya 5: Chunguza aliyeonyesha, alisema nini kabla na alisema nini baada

Aliyeonyesha picha alijua mshukiwa ni nani? Akijua, hata bila nia mbaya anaweza kumpa shahidi ishara, kuchelewa kidogo kwenye picha fulani, kuuliza "huyo wa pili umemwangalia vizuri?", kuguna. Ndo maana ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya 2014 ilishauri aonyeshe mtu asiyejua, shahidi asomewe maelekezo ya kawaida, utaratibu urekodiwe kwa video, na kiwango cha uhakika wa shahidi kiandikwe palepale.

Maelekezo: je shahidi aliambiwa mhusika anaweza kuwemo na anaweza asiwemo? Asipoambiwa anadhani kaitwa kwa sababu mtu kapatikana, so anachagua anayefanana zaidi na mtu aliyemwona. Hilo si kutambua, ni kulinganisha.

Halafu baada. Hapa kaa kabisa. Utafiti wa Wells na Bradfield wa 1998 ulionyesha kwamba ukimwambia shahidi aliyekosea "vizuri, umemchagua mshukiwa", anapanda uhakika, na sio hiyo tu, anaanza kusema alimwona mhalifu vizuri zaidi na kwa umakini zaidi kuliko wasioambiwa kitu. Sasa fikiria huyo ndo anakuja mahakamani miezi kumi baadaye anasema "nina uhakika asilimia mia". Hadanganyi! Anaamini kabisa. Uhakika wa mahakamani umeshapikwa, uhakika wa kuuliza ni ule wa dakika ya kwanza: alisema "ndiye" au alisema "anafanana naye", "kama namba tatu hivi", alichukua sekunde ngapi.

Hatua ya 6: Rudi kwenye tukio

Hii imeandikwa sana so nipite haraka. Kesi ya Waziri Amani ya Mahakama ya Rufaa ya Tanzania, 1980, ilisema mahakama isitegemee utambuzi wa macho mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa: alimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga gani, aliwahi kumwona kabla au la. Turnbull ya Uingereza, miaka ya 1970, inamtaka jaji aonye kwamba shahidi mwenye kujiamini anaweza kuwa amekosea, na utambuzi ukiwa dhaifu na hakuna ushahidi mwingine wa kuuunga mkono, kesi iondolewe isifike hata kwa juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Kwa Marekani ni vigezo vitano vya kesi ya Neil dhidi ya Biggers, 1972: nafasi aliyopata ya kumwona, umakini wake, usahihi wa wajihi wa kwanza, uhakika wake, na muda uliopita. Tengeneza jedwali, upande mmoja wajihi wa kwanza, upande wa pili mtu wako alivyo kweli. Kimo, umri, meno, kovu, rangi. Kila tofauti ni swali la dodoso, yaani pale unapomhoji shahidi wa upande wa mashtaka.

Hatua ya 7: Fuata mnyororo kutoka picha hadi kizimbani

Mashtaka watakwambia "sawa tuiache picha, lakini shahidi alimtambua tena kwenye gwaride na tena hapa mahakamani". Usikubali kuhesabiwa mara tatu kitu kimoja. Shahidi aliyeona picha ya mtu wako Jumatatu, akienda kwenye gwaride Alhamisi anamkumbuka mtu wa kwenye tukio au mtu wa kwenye picha? Hata yeye mwenyewe hawezi kujua. Ronald Cotton, North Carolina, 1984: mwathirika wa ubakaji alimchagua kwenye picha, halafu kwenye gwaride akamchagua tena, na Cotton ndiye alikuwa mtu pekee aliyekuwemo kwenye picha na kwenye gwaride. Alikaa gerezani zaidi ya miaka 10 mpaka vipimo vya DNA vikaonyesha ni mtu mwingine, akatoka 1995. Mwathirika hakuwa mwongo, alikuwa amejitahidi kuikariri sura wakati wa tukio. Na sio kesi ya peke yake, kati ya watu waliosafishwa kwa DNA Marekani karibu 7 katika 10 kesi zao zilikuwa na shahidi aliyekosea mtu.

So omba vyote viwili: picha zikataliwe, na utambuzi wote uliofuata ukataliwe kwa sababu umezaliwa na picha. Ukiomba cha kwanza tu umeacha mlango wazi.

Hatua ya 8: Jihadhari, picha inaweza kumvua mtu wako nguo

Picha ya polisi yenye namba kifuani inaiambia mahakama huyu alishawahi kukamatwa. Australia, sheria ya ushahidi ya 1995 inakataza mashtaka kuleta utambuzi wa picha kama picha zenyewe zinaonyesha ni za watu walio mikononi mwa polisi. Kwingine inategemea busara ya jaji.

Lakini tatizo lenyewe liko kwako. Ili uonyeshe gwaride liliharibiwa na picha, lazima utaje picha, na ukitaja picha juri inajiuliza polisi waliitoa wapi. Mtego kweli. Kama anayesikiliza kesi ni hakimu peke yake anayejua mipaka yake, kwa kawaida ni bora utaje. Kama kuna juri, omba hoja isikilizwe kwanza wao wakiwa nje, na uombe picha zikatwe zisionyeshe namba na mandhari ya mahabusu. Amua hili kabla ya kesi kuanza, pamoja na mshtakiwa mwenyewe, sio katikati ya maswali.

Hatua ya 9: Picha za kamera, mitandao na mashine

Picha za CCTV, yaani kamera za ulinzi, ni kitu kingine, hapo kuna maswali mawili yasichanganywe. Moja, picha yenyewe ni halisi? Nani kaitoa kwenye mashine, kwa njia gani, saa ya kamera ilikuwa sahihi, cheti kinachotakiwa na sheria ya ushahidi wa kielektroniki kipo? Mbili, nani anasema aliyemo ni mtu wako? Uingereza mwaka 2002 walitaja njia nne: juri iangalie yenyewe kama picha iko wazi vya kutosha, mtu anayemjua mshtakiwa amtambue, mtu aliyekaa muda mrefu na picha hizo hadi akazizoea, au mtaalamu wa kulinganisha sura. Askari anayekuja kusema "ni yeye" wakati hamjui na hajaizoea video hana cha ziada kuliko hakimu mwenyewe, mpinge.

Mitandao ya kijamii: siku hizi shahidi anatafuta mwenyewe, binamu anamtumia sikrinishoti "si huyu?", anafika kituoni na jina tayari. Marekani, kesi ya Perry ya 2012, Mahakama ya Juu ilisema ulinzi wa kikatiba wa kuchuja utambuzi kabla ya kesi unahusu ushawishi uliopangwa na polisi, so kwa huko hoja hii inahamia kwenye uzito. Dai kurasa zote alizopitia, nani alimtumia, ujumbe ulisemaje.

Na mashine za kutambua sura. Hizi zinatafuta mtu ANAYEFANANA kuliko wote kwenye hifadhi yenye picha nyingi mno, halafu polisi wanamweka huyo anayefanana kwenye seti ya picha sita wanamwonyesha shahidi. Unategemea atachagua nani? Detroit, Januari 2020, Robert Williams alikamatwa hivyo, kutokana na picha ya leseni yake ya zamani, na aliyemchagua kwenye seti hakuwepo hata siku ya wizi, aliiona video tu. Kesi aliyowafungulia iliisha kwa makubaliano ya 2024 ambayo yanawazuia polisi wa jiji hilo kumkamata mtu kwa kutegemea seti ya picha iliyokuja moja kwa moja baada ya mashine. Uliza bila aibu kama mashine ilitumika, mara nyingi haiandikwi popote.

Hatua ya 10: Weka pingamizi kwa wakati, kisha uliza kwa upole

Pingamizi liwe kabla kielelezo hakijapokelewa, ukichelewa utaambiwa ulikaa kimya. Omba kesi ndogo ndani ya kesi, yaani usikilizwaji wa kuamua tu kama ushahidi huo upokelewe, aliyeonyesha picha aapishwe na aulizwe, shahidi akiwa nje. Ukishindwa, fanya tatu: hakikisha pingamizi na sababu zake zimeandikwa, omba mahakama ijionye kuhusu hatari ya utambuzi wa macho, na utaje wazi ni ushahidi gani mwingine haupo, alama za vidole, mali iliyokutwa, simu.

Kwenye dodoso usimwite shahidi mwongo, hasa kama ni mwathirika. Mkubalie kwamba anaamini anachosema. Maswali yangu yangekwenda hivi: Kabla ya picha ulimwambia askari kuhusu kovu? Hukumwambia. Uliambiwa mtu anaweza asiwemo? Ulizitazama zote kabla ya kuchagua? Maneno yako ya kwanza yalikuwa yapi? Baada ya kuchagua askari alikwambia nini? Kabla ya gwaride ulishaiona sura ya mtu huyu mara ngapi, na wapi? Kisha kaa chini. Usiulize "sasa una uhakika ni yeye?" maana jibu unalijua, na litaandikwa kwenye mwenendo wa kesi ambao mahakama ya rufaa itausoma.